Shaba ya Katanga: ipitie Lobito au Dar es Salaam?
Hapa Lubumbashi, mji wa Katanga kusini mwa Kongo (DRC), mjadala huu hauishi, ila wengi huhesabu dola na siku tu. Mimi naangalia uchafu.

Njiani, Lobito, bandari ya Angola, inashinda. Reli ya Benguela ina urefu wa km 1,300 hivi kutoka bandari hiyo hadi Luau, mpakani na Kongo, kisha njia inaendelea mpaka Kolwezi, mji wa migodi. Tani moja ya shaba kwenye treni hula dizeli kidogo kuliko kwenye lori. Shaba ya Dar huenda zaidi kwa malori, na wakazi wa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ndio wanaovuta moshi wa foleni ya malori hayo, watoto pamoja. Hilo linaniuma. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ipo tangu miaka ya 1970, lakini inabeba kidogo mno.

Bandarini, ghuba ya Lobito imekingwa na ulimi wa mchanga. Dar imebidi ichimbwe kina, kazi inayotibua matope na kuvuruga makazi ya samaki.

Mgodi wa Kolwezi unaouzia Ulaya, chukua reli. Mzigo wa China ni hesabu nyingine: kutoka Lobito meli huzunguka kusini mwa Afrika, na mafuta yaliyookolewa relini huanza kuteketea baharini. Aliye Sakania, jirani na Zambia, kwenda Kolwezi kupanda reli kwake ni kurudi nyuma.