Kuchapisha kampeni ya DARUSO: steshenari za Mlimani au mashine za Kariakoo?

Mgombea wa DARUSO, serikali ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ana sehemu mbili za kupeleka fedha zake za uchapishaji: steshenari zilizo ndani na kandokando ya Mlimani, kampasi kuu ya chuo, au wachapaji wa Kariakoo, mjini. Wengi huulizia bei ya kipande kimoja, wakachagua iliyo chini, kisha wiki ya kampeni ikawakuta na mabango yaliyochujuka na sura isiyotambulika. Bei ina nafasi yake, lakini swali la kwanza ni mashine gani itatumika, na kwa idadi gani.

Anayegombea uwakilishi wa darasa, au wa kundi lolote lenye wapiga kura mia chache, hana haja ya kwenda mjini. Steshenari inampa kazi siku hiyohiyo, na kosa la jina au cheo likionekana linarekebishwa palepale kabla ya kutoa kopi nyingine. Vipeperushi vya A6 hutoka vinne kwenye karatasi moja ya A4, kwa hiyo nusu rimu, yaani karatasi 250, inatoa vipeperushi 1,000. Hapo huduma hii haina mpinzani.

Udhaifu wake ni wino. Duka moja linaweza kuwa na mashine ya fotokopi, na pembeni yake printa ndogo yenye vitanki vya wino wa maji ubavuni. Fotokopi na printa za leza hutumia tona, unga unaoyeyushwa kwa joto ukagandia karatasi, na mvua haiuondoi. Wino wa maji unaotumika sana kwenye printa za vitanki huvutia machoni siku ya kwanza, lakini ukinyeshewa hutiririka na ukikaa juani hupauka. Omba karatasi moja ya majaribio, lowesha kidole, sugua herufi nyeusi na sehemu yenye rangi. Ikiacha doa, kazi hiyo ni ya mbao za matangazo zilizo ndani, kamwe si ya nje.

Tatizo la pili linaumiza zaidi, kwa sababu mgombea hulipia jambo lisilomsaidia: sura nyeusi kwenye kopi ya rangi moja. Picha ya pasipoti yenye mandhari ya buluu ikitolewa fotokopi, mandhari hugeuka kijivu, uso hugeuka doa, macho yanapotea. Mashine haijaharibika, fotokopi hubana rangi za kati zielekee nyeusi au nyeupe. Dawa yake ifanyike kabla ya kufika dukani: piga picha kivulini mchana, mbele ya ukuta mweupe, igeuze iwe nyeusi na nyeupe wewe mwenyewe, kisha ongeza mwanga kwenye ngozi mpaka kwenye skrini ionekane imezidi kidogo. Kwenye karatasi itakaa sawa.

Kariakoo inaanza kuwa na maana unapohitaji rangi kamili na idadi kubwa. Uchapaji wa ofseti, yaani wa mashine kubwa zinazochapa kwa pleti (mabamba ya chuma yenye sura ya kazi), unahitaji pleti nne kwa rangi kamili, moja kwa kila rangi ya wino, na gharama ya pleti na kutega mashine ni ileile uchape 200 au 5,000. Ndiyo maana vipeperushi 200 vya ofseti ni ghali kwa kimoja, na maelfu ni nafuu. Kwa mgombea urais anayetaka kufika kumbi zote za Mlimani, hosteli za Mabibo na Kijitonyama, hii ndiyo huduma ya kulipia. Lakini pleti ikishatengenezwa, kosa la herufi moja ni pleti mpya na foleni mpya. Usiruhusu kazi iende mashineni kabla ya kusoma nakala ya sampuli iliyochapwa, na kabla tume ya uchaguzi ya wanafunzi haijaidhinisha unachotaka kubandika.

Ukitazama malalamiko mengi kuhusu wachapaji, chanzo chake ni faili. Bango la A3 likitakiwa litoke safi linahitaji picha ya takriban pikseli 3,508 kwa 4,961. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa hadi kama pikseli 1,600 upande mrefu, chini ya nusu ya kinachohitajika, na hakuna fundi anayeweza kurudisha kilichopotea. Itume kama dokumenti, au ipeleke kwenye flashi. Hifadhi dizaini kwa PDF, maana faili la programu kama Corel au Word likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti zako, maandishi yanahama. Acha milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kisu cha kukatia karatasi. Buluu inayong'aa kwenye simu huelekea zambarau kwenye karatasi. Chagua iliyokolea kidogo. Na jina liwe na herufi zenye kimo kisichopungua sentimita 2.5, ili mtu anayepita umbali wa mita 3 kuelekea kumbi za mihadhara za Yombo alisome bila kusimama.

Mabango ya turubai huuzwa kwa mita ya mraba: la mita 2 kwa 1 ni mita 2 za mraba. Hapa Kariakoo inashinda bila shaka. Uliza kama bei inajumuisha kukunja pindo na kuweka matundu ya chuma, kila nusu mita. Bango lenye matundu manne tu, moja kila pembe, huchanika kwa upepo, likianzia kwenye tundu.

Fulana zisipewe kipaumbele. Uchapaji wa sablimesheni, yaani wa kuhamishia wino kwenye kitambaa kwa joto, unashika vizuri kwenye poliesta, na fulana za pamba kwa kawaida huchapwa kwa skrini, wavu wa kupitishia wino, ambayo nayo ina gharama ya kuandaa kama pleti.

Wakati wa kuchukua mzigo, pima badala ya kuhesabu. Vipeperushi 1,000 vya A6 vya karatasi ya gramu 115 kwa mita ya mraba vina uzito wa karibu kilo 1.8, vya gramu 80, kilo 1.25. Mzigo ukiwa pungufu kwa robo kilo, hapo vipeperushi zaidi ya mia havimo. Vipeperushi 5,000 havifiki kilo 9, vinabebeka kwenye mwendokasi kutoka Msimbazi hadi Ubungo. Lipa nusu mwanzo, nusu baada ya mizani, na dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa sababu ukidaiwa hesabu za kampeni, karatasi iliyoandikwa kwa kalamu haitakutetea.

Foleni huwa ndefu kuanzia jioni orodha ya mwisho ya wagombea inapobandikwa, kwenye steshenari na mjini vilevile. Faili lililokamilika siku tatu kabla ya hapo linahitaji tu neno la tume ili liende mashineni.