Poti ya elfu 12 ya Darajani nimeipenda, ile ya gari nimeijutia

Assalam aleykum. Juzi harusini shoga yangu kaniuliza nimemwachishaje mwanangu pampasi na nyumba yetu ilivyojaa watu, nikamwambia ntaandika maana nshanunua poti mbili, vile vichoo vya plastiki vya kukalia watoto, mpaka nikapata inayofaa, na sitaki mwengine apoteze pesa kama nilivyopoteza mie.

Nyumba yenyewe iko Jang'ombe, hapa Unguja mjini, tuko watu 9, mama mkwe, wifi yangu na wanawe watatu wa skuli, mume wangu, mie na wanangu wawili, na choo ni kimoja tu uani, cha kuchuchumaa. Alfajiri mie niko jikoni na vitumbua vya kuuza, wengine wanagombania choo wawahi skuli, sasa mtoto wa miaka miwili na miezi minne akisema "mama kojo!" huwezi kumwambia asubiri, hasubiri huyo. Na yeye mwenyewe alikuwa keshakuwa tayari, akiamka usingizi wa mchana pampasi kavu, akitaka kunya anajificha nyuma ya pazia la chumba cha bibi yake kimyaa, akimaliza anavuta pampasi anataka imtoke.

Ya mwanzo nilinunua ile ya gari, ina usukani na inapiga wimbo mtoto akikojoa. Elfu 35. Duka silitaji. Jamani ile ni mdoli si poti. Siku ya kwanza tu wana wa wifi wameshaifanya gari la kweli, mmoja kapanda wawili wanasukuma ukumbi mzima, na mwanangu anaona ni kitu cha kuchezea basi akikaa anageuza usukani na kukojoa hakojoi, akinyanyuka ndo anakojoa sakafuni. Ule wimbo unalia ikiguswa na maji yoyote, ukiiosha inaimba, ukiianika inaimba, siku moja saa nane usiku ikaanza kuimba yenyewe nyumba nzima ikaamka. Lakini lililonichosha hasa ni kuosha. Kiti kimegandishwa hakichomoki, mkojo unapenya chini yake kwenye mshono wa plastiki na huko mkono haufiki, baada ya wiki ikawa inanuka hata uisugue vipi. Na ukumbi wetu ndo tunaposalia, kwa hiyo hilo si jambo dogo kwetu.

Tena mwanangu miguu yake ilikuwa inaning'inia, haigusi chini, basi haja kubwa akawa anaibana. Siku tatu hakwenda, choo kikawa kigumu, kilipotoka alilia mpaka na mie nikalia. Nikampa mapapai na maji mengi, pampasi nikamrudishia wiki moja asahau yale maumivu, poti ya gari nikaiweka juu ya kabati.

Hii ya pili nimeipata sokoni Darajani, kwenye yale maduka ya vyombo vya plastiki. Muuzaji kataja elfu 15 tukaelewana 12. Haina wimbo haina picha, ni vipande viwili tu, kiti chenye mgongo mdogo na bakuli la ndani linalochomoka. Palepale dukani niliigandamiza ukingoni kwa mkono kwa nguvu nione kama itapinduka, haikupinduka maana kitako chake kipana, nikapitisha kidole mdomoni mwake pote nitafute makali, laini. Ni fupi pia, mtoto akikaa nyayo zote mbili zinakanyaga chini na magoti yanapanda kidogo, kama anavyochuchumaa, na nnavyoona mie hilo ndo lililomsaidia kwenye haja kubwa kuliko kitu chochote. Siku ya pili tu kanya bila kulia. Mama mkwe alipoona akasema ndo vilevile walivyokuwa wakiwakalisha watoto juu ya miguu yao zamani.

Kuosha ni dakika moja. Nachomoa bakuli, namwaga chooni, kopo moja la maji, sabuni, kopo la pili, naiegemeza juani uani. Kisha mikono, yake na yangu, kwa sabuni, kabla sijagusa unga wa vitumbua. Msidanganyike kwamba mavi ya mtoto hayana madhara, kipindupindu hapa kwetu tunakijua.

Kasoro inazo mbili. Mbele iko chini kwa mtoto wa kiume, asipoinama kidogo mkojo unaruka nje, mie namwambia "angalia vidole vyako vya miguu" naye anainama mwenyewe. Ya pili haina mfuniko, natumia mfuniko wa ndoo ya rangi, unakaa vizuri na nzi hawafiki.

Ila poti peke yake isingetosha, nyumba nzima tulikubaliana. Poti inakaa pembeni ya mlango wa uani, haihamishwi, na aliye karibu ndo anayempeleka, hata yule mtoto wa wifi wa miaka 8 anajua kumshusha chupi. Tunamkalisha akiamka, akimaliza kula, na kabla ya kulala. Wiki ya kwanza ajali hazikuisha, kuna siku alikojoa juu ya msala wa kusalia wa bibi yake na Magharibi ishaadhiniwa, nikaganda, lakini bibi yake hakumkemea, kasema tu mtoto anayekula chakula mkojo wake haunyunyiziwi maji unaoshwa, kachukua msala wa mjukuu wake mkubwa kasali, mie nikauosha ule. Nilimpenda sana siku ile.

Imechukua kama wiki tatu, sasa mchana mkavu kabisa, hata tukienda kwa mama yangu Fuoni nabeba lile bakuli la ndani tu kwenye mfuko. Usiku bado namvalisha pampasi na simharakishi, hilo linakuja nyuma, wengine mpaka wanafika miaka mitano.

Nilivyopita Darajani wiki iliyopita walikuwa wamebakiwa na za kijani na za buluu. Kabla hujalipa chomoa bakuli uangalie ndani, moja niliyoonyeshwa ilikuwa na ufa.