Word, LibreOffice au Scrivener: ipi inamfaa mwandishi wa Mtwara na Lindi?

Mwandishi wa Newala, Nachingwea au Kilwa Masoko akitafuta programu ya kuandikia kitabu, aulize kwanza mambo mawili. Umeme ukikatika katikati ya sentensi, kinabaki nini? Na mswada ukifika kwa mhariri Dar es Salaam, utafunguka kama ulivyotoka? Kwa vipimo hivyo tunaiweka mbele LibreOffice Writer, ingawa ina kero zake.

Ni ya bure. Faili la kuisakinisha linazidi MB 300, basi lipakue penye Wi-Fi. Kama laptopu yako ni ya mtumba na bado ina Windows 7, kuanzia toleo la 25.8 haitakubali, chukua 25.2. Wakati wa kusakinisha usibofye Next tu mpaka mwisho: chagua Custom, fungua Optional Components, kisha Dictionaries, uweke Swahili. Halafu kwenye Tools, Options, sehemu ya lugha, fanya Kiswahili cha Tanzania kiwe lugha ya nyaraka zako. Usipofanya hivyo ukurasa mzima utajaa mistari myekundu. Hata ukifanya, kamusi hiyo haimalizi vitenzi vyetu vyenye viambishi vingi, wala usitegemee ijue majina ya mahali kama Mikindani. Yapo maneno sahihi utakayoyaongeza mwenyewe.

Ukiwa humohumo kwenye Options, nenda Load/Save, General. Muda wa kujihifadhi huja ukiwa dakika 10, na dakika 10 ni mazungumzo mazima ya wahusika wawili. Weka 2. Hakikisha pia ipo alama ya kutunza nakala ya akiba kila unapohifadhi. Bado bonyeza Ctrl+S, kwa sababu kinachotunzwa kila dakika 2 ni kumbukumbu ya kufufulia faili, si faili lenyewe.

Kero nyingine ni alama ya ng'. Sura iliyoandikwa kwa simu huwa na ng'ombe wa alama iliyonyooka, ya laptopu ina ng’ombe wa alama iliyopinda. Ukitafuta neno ulibadilishe kitabu kizima, nusu ya kundi inaweza kurukwa. Kujipinda huko kuzime kwenye Tools, AutoCorrect Options, Localized Options, pale kwenye alama moja ya nukuu.

Vichwa vya sura usivikuze kwa mkono. Weka mshale kwenye kichwa, bonyeza Ctrl+1. Ukibonyeza F5 utaona sura zote zimejipanga, na ukiipandisha au kuishusha moja, maandishi yake yote yanaifuata. Kwa riwaya hiki ndicho kitu bora kuliko vyote humu, na wengi wanaitumia programu miaka bila kukigusa.

Washairi wana kazi ya ziada. Kutenganisha vipande viwili vya mshororo kwa kubonyeza nafasi mara kumi na tano ni kujitafutia balaa: ukibadili fonti tu, vina vya kati vinapinda. Tengeneza mtindo mmoja wa ubeti, upangwe kushoto, uwekewe kituo cha Tab mahali kipande cha pili kinapoanzia. Mwisho wa mshororo bonyeza Shift+Enter, mwisho wa ubeti Enter. Ukiuacha ubeti umenyooshwa pande zote mbili, mishororo mifupi inaweza kutanuka mpaka maneno yaachane. Zima pia herufi kubwa za kujiweka zenyewe.

Word ni nzuri, na wahariri wengi wanataka docx, yaani faili la aina ya Word, lakini Writer inaihifadhi pia. Tumia Times New Roman. Aptos, fonti mpya ya Word, haimo kwenye mashine za zamani, na namba za kurasa zitahama. Word iliyochakachuliwa iache: hizo programu za kuifungua mara nyingi huja na virusi.

Google Docs inafaa kwa rasimu ya simuni. Washa kwanza matumizi bila intaneti kwa kila faili unalolihitaji. Kikomo chake ni herufi milioni 1.02, ila simu ndogo huanza kukwama mapema zaidi, hivyo weka kila sura faili lake.

Scrivener inalipiwa mara moja, kwa kadi, baada ya siku 30 za majaribio zinazohesabiwa siku unazoifungua tu. Kwa kitabu chenye utafiti mwingi inalipa: maelezo, picha na sura vinakaa pamoja, na inajihifadhi sekunde 2 tu baada ya kuacha kuandika. Kwenye Android haipo kabisa. Na kwa Windows, mradi wake ni folda yenye mafaili mengi madogo. Anayenakili kwenye flashi lile faili la scrivx peke yake anaondoka na orodha ya sura zisizo na maandishi. Tumia File, Back Up, Back Up To, weka alama ya zip, ndipo unakili.