Ukaguzi wa wanyama na mimea kabla ya ujenzi, Dodoma: kazi nzuri, msimu mbaya

Kwa mimea, wakaguzi hawa wako vizuri. Kwenye mbuga ya udongo mweusi waliweka fremu ya mita 1 kwa 1 kila baada ya mita 50, wakaandika kila aina ya nyasi. Ndege walihesabiwa alfajiri, ndivyo inavyotakiwa.

Tatizo ni msimu. Walikuja Septemba, vidimbwi vimekauka na vyura wamejichimbia ardhini, kwa hiyo ripoti inaonyesha mbuga tupu, jambo ambalo si kweli hata kidogo! Ndoo za kunasia mijusi nazo zilifukiwa midomo ikichomoza sentimita 2. Mjusi anazunguka ukingo na kwenda zake. Dai warudie Januari hadi Machi, kabla tathmini ya athari kwa mazingira haijapelekwa NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira.