Uzoefu wangu: mapango matatu ya Slovenia, na lile lisilo na umeme

Nimetoka Slovenia wiki iliyopita. Kama una siku moja tu ya kuingia pangoni nchini humo, nenda Križna jama. Nasema hivyo baada ya kuingia mapango matatu kwa siku mbili.

Nilianza na Postojna kwa sababu ndilo linalotajwa na kila mtu. Ndani unapanda kitreni. Reli ziliwekwa mwaka 1872, taa za umeme zikafuata 1884. Njia ni pana, na mwenye watoto wadogo hatasumbuka. Ila tulikuwa umati, na kabla hujalitazama jiwe vizuri umeshaambiwa usogee. Aliyenishika ni proteus, yule mnyama kipofu wa maji ya mapangoni, mweupe wa kuelekea waridi, mwembamba kama kidole. Kwake nilisimama mpaka nikaachwa nyuma.

Škocjan ni habari nyingine. Liko Kras, nyanda za mawe ya chokaa ambazo jina lake ndilo lililozaa neno karsti, yaani ardhi ya chokaa iliyoliwa na maji. Mvua hunyonya hewa ya ukaa hewani na udongoni, ikawa asidi hafifu, na asidi hiyo huyeyusha chokaa taratibu mpaka mto mzima unapata pa kupita. Mto wenyewe ni Reka: unazama ardhini hapo na kuibukia Italia, karibu na Trieste, ukiitwa Timavo. Ukifika daraja la Cerkvenik, maji yako kama mita 45 chini yako, na ngurumo yake unaisikia kifuani. Picha hazikuruhusiwa ndani, nami nashukuru, maana watu walitazama kwa macho yao. Magoti yawe mazima, ngazi ni mamia.

Hapo ndipo nina lalamiko. Kampuni iliyotuchukua kutoka Ljubljana ilituambia tuvae kawaida. Ilikuwa Julai, nje jua kali, tukavaa kaptura na kandambili. Pangoni ni nyuzi 12 na sakafu ina maji. Mtoto mmoja alitetemeka mpaka nikampa sweta langu, mama yake akatulia. Sentensi moja kwenye ujumbe wa kuthibitisha nafasi ingetosha, na watu walikuwa wamelipa euro zao.

Križna jama nilikwenda mwenyewe, bila kampuni. Hakuna taa iliyofungwa ndani. Mlangoni unapewa mabuti ya mpira na tochi, mnaingia kikundi kidogo, na mwongozaji anaongea kwa sauti ya chini kama mtu aliye chumbani kwa mgonjwa. Alitumulikia mifupa ya dubu wa mapangoni, aina iliyotoweka zamani, kisha tukafika ziwa la kwanza, tukapanda mtumbwi. Maji yalikuwa safi kiasi kwamba sikujua yanaanzia wapi. Niliona sakafu ya mawe, nikadhani ni pakavu, mpaka kasia likagusa na mwanga wote ukatikisika.

Maziwa yametenganishwa na kingo za kalsiti, madini ya chokaa yanayoachwa na maji, zinazokua kama sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka. Kuna safari fupi na ndefu. Ndefu hulazimika kupita juu ya kingo hizo, kwa hiyo huruhusiwa watu wachache mno kwa siku. Mwanzoni niliona ni ukali. Nilipouona ukingo mmoja kwa karibu, una mikunjo midogo kama kitambaa kilichokunjwa kikiwa kibichi, niliurudisha mkono wangu ndani ya mtumbwi bila kuambiwa.

Mimi nilifanya ile fupi, kama saa moja, na mtumbwi haukuvuka ziwa la kwanza. Vaa soksi nene na koti, kuna baridi kuliko Škocjan. Ukitaka ndefu, weka nafasi mapema sana. Mimi nimeshaomba ya mwakani.