Wakala wa forodha wa Mwembe Tayari aliyenikatalia kazi

Nimekaa Dar es Salaam miaka sita, nikipika katika hoteli ndogo Kariakoo. Mama alipopooza upande mmoja mapema mwaka 2025, nilifunga virago nikarudi Kisauni, Mombasa, na nilirudi na gari langu: Toyota IST ya rangi ya fedha, vibao vya njano vya Tanzania. Gari hilo nililinunua kwa pesa za vitumbua vya alfajiri na pilau za harusi za watu. Nilikuwa nalipenda. Lakini dawa na mazoezi ya viungo ya mama havingoji, kwa hivyo nikaamua kuliuza.

Nilidhani ni kazi ya wiki moja. Mombasa gari linauzwa hata msikitini baada ya Ijumaa; ukimwambia mtu mmoja, jioni wanakupigia watano.

Kijana wa Bombolulu alikuja siku ya pili na pesa taslimu. Akasema yeye hajali vibao, atalitumia hivyo hivyo. Moyo ukasita. Nikaenda kwanza kwa ofisi moja ya kliaringi, yaani ya kutoa mizigo forodhani, ambayo sitaitaja, kuuliza namna ya kulipatia namba ya Kenya. Jamaa pale hakutaka hata kuona kadi ya gari. Akaniambia nilete laki moja na themanini, nusu leo, na wiki mbili nitakuwa na namba inayoanza na K. Nilikuwa nimeshatoa pesa benki. Jirani yetu, mzee aliyefanya kazi bandarini Kilindini maisha yake yote, ndiye aliyenishika mkono: “Kabla hujatoa hata ndururu, pita kwa yule wakala wa Mwembe Tayari umsikilize.”

Ofisi yake ni ya ghorofa ya kwanza, ngazi nyembamba, juu ya duka la vipuri. Mwenyewe aliniomba nisiandike jina lake wala namba yake, lakini ukiuliza watu wa vipuri wakala mzee mwenye kofia ya vito, wanakuonyesha kwa kidole. Kuna meza mbili, feni moja, na rundo la mafaili yaliyofungwa kwa kamba. Nilisubiri karibu saa mbili, na joto la ile ofisi si mchezo. Hilo ndilo lalamiko langu la kwanza, na ninalisema kwa sababu ninataka mwenye mgonjwa nyumbani ajue apange siku yake.

Nikamwamkia, nikakaa, nikamweleza. Akaomba vitu vitatu tu: kadi ya gari, pasipoti, na kile kibali cha muda nilichopewa mpakani Lunga Lunga nilipoingia. Akasoma kadi polepole, kidole kikifuata mstari kwa mstari. Kisha akavua miwani.

“Mwanangu, wataka nikwambie ukweli ama wataka nikufurahishe?”

“Ukweli, baba.”

“Gari hili halipati namba ya Kenya. Si kwangu, si kwa mtu yeyote.”

Nilibisha. Nilimwonyesha kwamba lilisajiliwa Tanzania mwaka 2019, na mimi nilishasikia Kenya inaruhusu magari ya miaka minane. Hapo ndipo alipofanya kazi ambayo kwangu ndiyo thamani yote ya ile ofisi. Alivuta karatasi akanichorea. Miaka minane, akasema, haihesabiwi tangu gari liingie Afrika Mashariki. Inahesabiwa tangu liliposajiliwa mara ya kwanza kabisa, na langu lilianza kutembea Japani mwaka 2005. Kiwango cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, kinachoitwa KS 1515 ndicho kinachosimamia hilo, na kwa mwaka 2025 gari lililotumika linalokubaliwa kuingia na kusajiliwa ni la 2018 kuja juu. Tanzania haina ukomo kama huo; kule gari kuukuu linatozwa ushuru zaidi, lakini linaingia. Ndiyo maana barabara za Dar zimejaa IST kama langu na hakuna anayeshangaa.

Nikamuuliza, je, lingekuwa changa? Akanieleza na hilo bila haraka. Mamlaka ya Mapato ya Kenya haiangalii ulinunua kwa bei gani kwa mtu. Ina orodha yake ya bei za magari yakiwa mapya. Inapunguza uchakavu kulingana na umri, ndipo inapiga ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 16 na tozo nyingine juu yake. Mtu aliyenunua gari rahisi Dar anashtuka akiona hesabu hiyo, anadhani anaibiwa.

Na yule mnunuzi wa Bombolulu? Mzee alinyamaza kidogo. “Kibali kina jina lako. Kina tarehe. Tarehe ikipita na gari halijatoka, atakayeulizwa ni wewe. Na yule kijana akikamatwa nalo, gari linachukuliwa, na pesa yake imekwenda. Atakuja kugonga kwa mama yako mgonjwa.” Alilisema bila kunitisha, kama mzazi anavyomwambia mwanawe aache kisu.

Nilipokuwa pale aliingia dada mmoja aliyerudi kutoka Uingereza na gari lake likiwa bado bandarini. Nilimsikia mzee akimwambia maneno ya namna ile ile, ya moja kwa moja: msamaha wa ushuru kwa anayehamia nyumbani una masharti, mojawapo ni kuwa umelimiliki na kulitumia huko nje si chini ya miezi 12, na ukishaupata, ukaliuza kwa mtu asiye na msamaha, ushuru unadaiwa. Yule dada alikuwa na mpango wa kuliuza Nyali mara likitoka. Alitoka pale akiwa na mpango mwingine.

Ushauri alionipa mimi ukawa: rudisha gari Tanzania, uliuze Tanga, kabla ya kibali kuisha. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Kwa kazi hiyo alinitoza shilingi elfu mbili, na kwa kuniunganisha na mtu wake wa mpakani elfu nne nyingine. Linganisha na laki moja na themanini.

Aliniandikia mambo ya kufanya kwa mkono wake. La kwanza lilikuwa nitazame kwenye simu kama gari lina deni kule. Nilijua niko safi. Sikuwa safi: faini moja ya trafiki ya Sh 30,000 za Tanzania, ya mwendo kasi karibu na Chalinze, na madeni ya maegesho ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini kule, yaliyojilimbikiza kutoka siku zile za Kariakoo nilipokuwa nashusha mchele. Nililipa yote usiku ule. Mnunuzi wa Tanga, siku ya siku, jambo la kwanza alilolitazama ni hayo madeni.

Nilivuka Likoni na feri ya saa kumi na mbili asubuhi. Ukunda, Msambweni, Lunga Lunga. Njia niliyoijua, lakini siku hiyo nilikuwa nikiisikiliza injini kama mtu anayeaga. Mtu wa mpakani alichelewa saa mbili na simu yake haikushika. Lalamiko la pili, na nililimwambia mzee mwenyewe. Alipofika, hata hivyo, alifanya lile ambalo peke yangu nisingelijua: hakuniacha nipite hadi kibali changu kilipofungwa kwenye mfumo na nikaonyeshwa kimefungwa. Alisema wengi hupita tu, gari limetoka kweli lakini kwenye kompyuta bado limo Kenya, na miaka baadaye jina linakwama.

Tanga nililala kwa mwenzangu tuliyepika naye Kariakoo. Siku ya tatu gari likapata mtu, mwalimu wa sekondari, Sh 10,800,000 za Tanzania, dalali akachukua laki tatu. Chini ya nilivyotaka. Tuliandikishana kwa wakili, mihuri ikapigwa, kila mmoja akatoa TIN yake, namba ya mlipa kodi. Mzee alikuwa amenisisitiza kwenye ile karatasi: nisiondoke na nakala moja tu, na nisihesabu nimeuza mpaka kadi itoke kwa jina la mwingine.

Nilirudi kwa basi na kapu la machungwa ya Muheza, nusu ya mama, nusu ya ile ofisi ya juu ya vipuri.

Kwa hivyo nampa nyota nne. Ya tano inakwenda na lile joto, ile foleni, na mtu wake wa mpakani. Pia ujue baada ya adhuhuri hapokei simu, na risiti anaandika kwa mkono, uombe. Nenda na kadi halisi, si picha ya simu, picha hakubali. Na umwambie mwaka halisi wa gari, usijaribu kuupunguza, maana atauona.

Wiki iliyofuata nilikuwa nikipiga simu Tanga kila jioni. Siku ya tisa mwalimu alinitumia picha ya kadi mpya yenye jina lake. Nikampigia mzee kumwambia. Akauliza mama anaendeleaje.