Tamthilia za Kipakistani: nyota nne, ya tano nimeizuia

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya makofi. Nitayafikia. Kwanza niseme kwa nini hizo nne nimezitoa kwa moyo mkunjufu, maana mimi si mwepesi wa kusifu kitu kinachonila bando na usingizi kwa pamoja.

Niko Tanga, nyumba ya ukoo: mama mkwe, sisi, wifi zangu na watoto wa kila umri. Televisheni yetu imeshapokea mataifa mengi. Wafilipino walipita, Wahindi wakapita, Waturuki waliotiwa sauti za Kiswahili wakakaa sana. Wapakistani hawakuja kwa king'amuzi. Wamekuja kwa YouTube, simu ikiunganishwa na TV, kwa sababu vituo vyao vikubwa kama Hum TV, ARY Digital na Geo huweka vipande vyao huko bure, muda mfupi tu baada ya kuvirusha hewani. Saa 2 usiku ya Karachi ndiyo saa 12 jioni yetu. Tukimaliza kuswali isha, mzigo mpya umeshapanda.

Kilichonikamata ni kwamba mapenzi ya Kipakistani hayana faragha. Kwingine mvulana na msichana hukutana, hupendana, na wazazi wanatokea siku ya harusi wamevaa vizuri. Kwa hawa wazazi wako sebuleni tangu kipande cha kwanza. Bibi yupo, shangazi yupo, mke wa ami yupo nyuma ya mlango anasikiliza, na wapenzi inabidi waibe dakika mbili kwenye ngazi au juu ya dari. Hawabusiani. Mkono ukigusa mkono, hilo ni tukio la wiki nzima. Kwa hiyo kazi yote inabebwa na macho, na ugomvi, na kikombe cha chai alicholetewa mtu bila kuomba. Na faida yake mwenye nyumba iliyojaa anaijua: unakaa na mama mkwe, baba mkwe akipita anaketi, na hakuna anayerukia rimoti kwa haya.

La pili, ndoa kwao mara nyingi ni mwanzo wa hadithi. Watu wanafungishwa nikaha hawapendani, au wanachukiana kabisa, halafu ndipo wanaanza kujuana. Anayedhani hilo linapunguza utamu wa mapenzi hajaona Suno Chanda.

Hii ilitoka Ramadhani ya 2018 kwenye Hum TV, kipande kimoja kila usiku kwa mwezi mzima. Arsal (Farhan Saeed) na Jiya (Iqra Aziz) ni mabinamu wanaoishi nyumba moja. Babu yao akiwa mahututi aliomba waozeshwe, wakaozeshwa. Babu akaenda zake, nikaha ikabaki. Sasa bibi yao, Bi Jaan, anataka bibi harusi akabidhiwe kwa mumewe rasmi, na hao wawili, ambao hawapatani hata kwa salamu, wanapatana kwa jambo moja tu: kuivunja hiyo ndoa. Sisi wa pwani tuna msemo, binamu nyama ya hamu. Hawa hamu hawana, wana midomo. Shoga yangu wa Singida alipoona ni mabinamu alishtuka akataka kuzima. Nikamwambia vumilia vipande vitatu. Leo ananidai ya pili.

Mwandishi wake ni Saima Akram Chaudhry, na kipaji chake kikubwa mimi nakiona kwa watu wa pembeni kuliko kwa stelingi. Kila mama mle ndani ana kinyongo chake cha miaka, kila ami ana jambo analolificha, na yote yanalipuka mezani wakati wa kufuturu. Kuitazama ndani ya mwezi wenyewe ni raha ya peke yake: wao wanafuturu kwa bajia, na sisi sahani ya bajia iko mapajani. Bi Jaan anachezwa na Samina Ahmad, mkongwe aliyeanza zamani kwenye PTV, televisheni ya taifa. Mkiona bibi wa Karachi kwenye Ms. Marvel, tamthilia ya Kimarekani ya mwaka 2022, ni yeye yule. Anaweza kuwatisha wajukuu kwa kukaa kimya tu na kurekebisha mtandio. Mama mkwe amemtamani awe jirani.

Msimu wa pili, wa 2019, mimi sikuufurahia kiasi hicho. Kelele zimezidi, kila mtu anapiga mayowe, na ule ugomvi uliokuwa na mapenzi chini yake umekuwa ugomvi mtupu.

Mwandishi huyohuyo alirudi na Chupke Chupke, Ramadhani ya 2021, na hapa nadhani aliandika akituchungulia dirishani. Kuna bi mkubwa na bi mdogo, wake wenza wa mzee mmoja, wanaoishi ubavu kwa ubavu, kila mmoja na watoto na wajukuu wake, na vita vyao vimerithiwa na ukoo mzima. Katikati ya mapambano hayo kijana msomi, Faaz (Osman Khalid Butt), anapewa kazi ya kumfundisha Meenu (Ayeza Khan), binti ambaye kitabu kwake ni adhabu. Ukewenza nimezoea kuuona kwenye tamthilia ukiwa msiba au uchawi. Humu umekuwa chanzo cha kicheko na hakuna aliyedhalilishwa. Wale vikongwe wawili wanapigana vijembe vya kiwango cha taarabu, na ukiwatazama vizuri, hakuna anayemjua mmoja wao kuliko mwenzake.

Lakini iliyonifanya niandike haya ni Kabhi Main Kabhi Tum ya ARY Digital, ya mwaka 2024. Sharjeena (Hania Aamir) amechumbiwa na Adeel, kijana wa mshahara, kipenzi cha wazazi. Harusi ikikaribia, Adeel anamwacha kwa ajili ya mwanamke tajiri. Ili aibu isiingie nyumba mbili, anaolewa na mdogo mtu, Mustafa (Fahad Mustafa), ambaye hana kazi, anacheza gemu usiku kucha, na baba yake keshamwandika kuwa hasara. Hapo ungengoja kilio. Badala yake unapata watu wawili waliobaki na fungu la chini, wanaoanza kwa utani, wakawa marafiki, na urafiki wenyewe ndio unaogeuka mapenzi. Wanakuja kuondoka nyumbani, wanahangaika na kodi na kazi na heshima ya ukweni. Mambo ya pesa humu yameandikwa na mtu anayejua maana ya kuhesabu noti kabla ya mwezi kuisha. Namna wazazi wanavyompima mtoto kwa mshahara, na namna ndugu aliyefanikiwa anavyosikilizwa hata akisema upuuzi, sijaiona ikionyeshwa kwa ukweli hivyo kwenye tamthilia ya nchi yoyote. Mama yao anachezwa na Bushra Ansari, na ana dhambi ndogondogo za kila siku ambazo mtu mzima akizitazama anajikuna. Kipande cha mwisho, Novemba 2024, kilionyeshwa hadi kwenye kumbi za sinema kule Pakistan.

Mwandishi wake ni Farhat Ishtiaq. Ndiye pia mwenye Humsafar ya 2011, ile ya Mahira Khan na Fawad Khan ambayo kwa wengi wetu ndiyo iliyofungua mlango. Humsafar haichekeshi. Ni vipande 23 vya mama mkwe, Farida, akimpangia mkwewe fitina mpaka anamfukuzisha nyumbani. Kuitazama nikiwa nimekaa kando ya mama mkwe wangu kulikuwa na mashaka yake, lakini yeye ndiye aliyekuwa akimlaani Farida kwa sauti kuu kuliko wote, na kila tulipomaliza alinigeukia akauliza, "Mwanangu, mimi nimefika huku?" Jibu ni hapana, mama. Ila kuna siku unakaribia.

Waandishi wengi wa hizi kazi ni wanawake, na kadhaa, Farhat Ishtiaq na Umera Ahmed wakiwemo, walianzia kwenye majarida ya Kiurdu ya akina mama, yale yanayotoa hadithi kwa mfululizo mwezi hadi mwezi. Aliyekulia kwenye hadithi za magazeti zinazokatishwa penye utamu kwa "itaendelea" ataitambua mikono yao mara moja. Wanajua kukata. Pia wanajua kumaliza, na hili nalisifia sana. Nyingi za wiki hadi wiki huisha kati ya vipande 20 na 35, kila kimoja kama dakika 40. Kuna tamthilia ya Kihindi iliyoanza mwaka 2000 ikaisha 2008 na vipande zaidi ya 1,800. Mtu anaanza kuitazama mwari, anaimaliza ana watoto shuleni.

Sasa makofi. Kwenye tamthilia nyingi za Kipakistani kofi limefanywa kama nukta ya sentensi. Baba anampiga binti, mume anampiga mke, muziki unalia, kamera inazunguka, na vipande viwili mbele huyo mume analetewa chai na tunaombwa tumpende. Sipendi, na sitajizoeza. Tere Bin ya Geo, ya Yumna Zaidi na Wahaj Ali, ilipendwa kupita kiasi mwaka 2023, na nakiri macho ya wale wawili yakikutana unaweza kusahau sufuria jikoni. Lakini ilifika mahali ikaashiria mume kumlazimisha mkewe, na watazamaji wa Pakistan wenyewe wakaja juu mitandaoni. Walikuwa na haki. Tena ilivutwa hadi vipande 58. Ya katikati ungeweza kuifua na kuianika bila kupoteza kitu.

Kuna na hili la mwanamke mwema na mwanamke mbaya. Mwema ana mtandio kichwani, analia kwa upole, anajua kupika. Mbaya ana nywele fupi na gari lake mwenyewe. Hata Zindagi Gulzar Hai ya 2012, ambayo naipenda kuliko karibu zote, haikupona. Humo Kashaf (Sanam Saeed) ni binti wa mama aliyeachwa na mumewe kwa kosa la kuzaa wasichana watatu. Anasoma kwa jasho na uchungu hadi anakuwa afisa wa serikali. Mama yake, mwalimu mkuu, ni mmoja wa wahusika waliotulia zaidi niliowahi kuwaona kwenye skrini. Halafu anakuja Zaroon, huyo Fawad Khan tena, na hotuba zake za namna mwanamke anavyopaswa kuishi, na mwandishi hamkatizi inavyostahili. Mume wangu alipita wakati wa hotuba mojawapo akaitikia kwa kichwa. Tulizungumza.

Upande wa huduma yenyewe: bure kweli, ila matangazo ni mengi, na hupenda kukatiza mtu akitaka kusema jambo aliloficha tangu mwanzo. Wimbo wa tamthilia utausikia mpaka uuote. Vionjo vya kipande kijacho vinadanganya bila haya. Mtu anaonyeshwa akianguka chini, kumbe kateleza kwenye kapeti. Tafsiri ya maandishi ni ya Kiingereza, Kiswahili hakuna. Si kila kipande kinayo, za zamani hasa, na mizaha mingi hufa humo. Mama mkwe hasomi Kiingereza, kwa hiyo mimi ndiye Lufufu wa nyumba, kama yule mtafsiri wa filamu: natafsiri, natia chumvi, na wahusika nisiowapenda nawapunguzia maneno. Isipokuwa talaka. Hilo analisikia mwenyewe, hata akiwa jikoni.

Mgeni aanze na Suno Chanda, msimu wa kwanza peke yake, na kama anaweza asubiri Ramadhani. Mwenye ndoa changa na mifuko mikavu aende moja kwa moja kwa Mustafa na Sharjeena. Humsafar iwekwe kwa siku ambayo mtu ana sababu zake za kulia na anatafuta pa kuzifichia. Tazameni kwenye kurasa rasmi za vituo, maana wanaoiba video huzigeuza picha na kukata sauti kukwepa kunaswa. Na ukiwa katikati usishuke kusoma maoni chini ya video: kuna watu wameitazama mara tatu, na wote wanataka kukuambia nani anakufa.